Mtoto ananyamaza kwangu, mama yake anakuna nazi

(Barua imefupishwa kidogo. Majina yote si ya kweli.)

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, naishi Ngamiani hapa Tanga. Barabara ya ngapi sitasema, maana huku ukitaja namba tu watu wanaujua mpaka mlango. Nina mume, fundi baiskeli, na mtoto mmoja wa kiume wa miaka minne. Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Napita nyumba kwa nyumba kwa wajawazito na waliojifungua, nakagua kadi ya kliniki, naulizia chanjo, napima mkono wa mtoto kwa ule utepe wa rangi. Miaka miwili iliyopita tulipelekwa semina ya malezi jali, tukafundishwa na yale mengine: mama anaongeaje na mtoto, anamtazamaje, na yeye mwenyewe moyo wake ukoje. Ile semina ilinifungua macho. Nilirudi nikijiona sasa nina kazi hasa.

Kuna nyumba moja. Mama wa humo nitamwita Zuhura, na mtoto nitamwita Mwanaidi. Zuhura ana miaka 22, kwao Handeni, kaolewa hapa mjini. Mumewe yuko kwenye malori, anakuja siku mbili anaondoka wiki tatu. Anaishi na mavyaa wake. Mwanaidi sasa ana miezi saba. Nilipoanza kwenda alikuwa na miwili, na mama yake alikuwa mtu wa kutazama ukuta. Jirani mmoja alininong'oneza kwamba mtoto kabemendwa, mwingine akasema mama ana shetani la kwao. Mavyaa alishampa kombe, akanywa, hakuna kilichobadilika.

Alhamisi moja nimeingia uani nikamkuta Zuhura juu ya mbuzi anakuna nazi. Mwanaidi yuko kwenye mkeka, hatua tatu hivi kutoka kwake, analia. Si kilio cha deko, ni kile cha kukatika pumzi. Zuhura anakuna. Nikatazama bakuli: nazi nyeupe ilishakwisha, anakuna kifuu, vumbi la kahawia linaangukia juu ya nazi na mkono hausimami. Nikamwita mara mbili. Hakugeuka. Basi nikamnyanyua mtoto, nikamweka begani, nikamchombeza, akanyamaza pale pale. Zuhura akasema bila kuinua uso, "Kakujua wewe." Kisha akaenda jikoni kuchukua maji. Mwanaidi akageuza shingo kumfuata mpaka alipopotea mlangoni, ndipo akanirudia mimi, akanichekea. Shangazi, sijui nikwambieje. Kicheko kile kiliniingia.

Tangu siku hiyo naenda mara tatu, mara nne kwa wiki, wakati ratiba inasema mara moja kwa mwezi. Namwogesha, namlisha uji, namlaza. Akisikia sauti yangu mlangoni ananyoosha mikono. Mavyaa ananiambia mbele ya Zuhura, "Mama wa huyu mtoto ni wewe." Na Zuhura ameanza kunisimulia mambo yake. Mama yake alipoolewa kwingine, yeye akawa wa kupokezanwa: kwa bibi, kwa mjomba, kwa shemeji wa mjomba. Aliniambia, "Dada, mimi nimelelewa na milango. Unagonga huu, unafunguliwa, unakaa, kisha unaambiwa nenda ule kule."

Wiki mbili zilizopita akanieleza kwamba kuna usiku alimwacha mtoto analia ndani, akatoka mpaka barabarani, akasimama. "Sijui nilisimama muda gani." Akaniapisha nisimwambie mtu, watamnyang'anya mtoto. Siku tatu baadaye akasema, "Mchukue wewe. Nakupa kwa wema." Mavyaa naye ana lake: anataka mtoto apelekwe Muheza kwa dada yake, na Zuhura arudi Handeni "wakamtengeneze".

Nilijaribu kumgusia msimamizi wangu. Akauliza, "Mwezi huu umefikia kaya ngapi?" Nikamtajia. Akasema, "Mbona zimepungua?" Tukaishia hapo.

Sasa nyumbani kwangu. Jumamosi iliyopita navaa viatu, mwanangu akaniuliza, "Mama, unaenda kwa mtoto wako?" Nikamzaba kibao. Mimi, ambaye siku moja kabla nilikuwa nimesimama mbele ya kinamama 20 na lile bango la ukutani, nawaambia mtoto hasikilizi kwa kofi. Mume wangu hakusema kitu. Aliendelea kuziba pancha, akasema tu, "Mganga hajigangi."

Mama yangu mzazi alikuwa mtu wa kimya. Alitulisha, alitusomesha, Mungu amrehemu, lakini sikumbuki kupakatwa. Sijui kwa nini nakuandikia hili.

Niambie Shangazi. Niache kwenda kwa Zuhura? Nimchukue mtoto, kama mwenyewe anavyotaka? Na ile siri niseme au ninyamaze? Mtoto ananipenda mimi kuliko mama yake, na hili linanifurahisha na kunitisha kwa pamoja.

Mchovu wa Ngamiani

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimsoma Zuhura. Ya pili nikamsoma mwanao. Ya tatu nikakuona wewe, mle mwishoni, kwenye mstari uliosema hujui kwa nini umeuandika. Nitafika huko. Kwanza kuna jambo lisilosubiri.

Ni ule usiku wa barabarani. Maneno "sijui nilisimama muda gani" yananitia wasiwasi. Yawezekana ni uchovu wa mama asiyelala, yawezekana ni zaidi ya hapo, na mimi siwezi kulipima hilo kwa barua. Wewe unaweza kumuuliza. Muulize mkiwa wawili, kwa sauti yako ya kila siku: unapata mawazo ya kutaka kufa? Ya kumdhuru mtoto? Unasikia sauti ambazo wenzako hawazisikii? Unalala? Watu huogopa kuuliza hivi wakidhani watampandikizia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Hapandikizwi. Mara nyingi hushusha pumzi, kwamba hatimaye kuna aliyethubutu. Akijibu ndiyo kwa lolote katika hayo matatu ya mwanzo, au ukimkuta amekesha siku mfululizo na maneno yake hayashikani, hiyo ni ya hospitali siku hiyo hiyo, na asibaki peke yake na mtoto hata kwa muda ule mnaotafuta bajaji. Akijibu hapana kwa yote matatu, bado aonwe na mtaalamu ndani ya wiki hii, iwe zahanati yenu au hospitali ya Bombo.

Na kiapo? Uliapishwa na mtu anayeogopa, na uliapa kwa huruma. Sikulaumu. Lakini hebu fikiria: Zuhura alikuchagua wewe, mwenye sare na daftari, katika mtaa mzima. Je, aliyetaka isijulikane kabisa angemwambia mhudumu wa afya? Sina hakika, nawe huna. Kinachowezekana ni kumwambia yeye kabla hujamwambia mwingine: "Lile uliloniambia ni zito, peke yangu siliwezi, nataka tumwambie fulani, na nitakuwa nawe tukimwambia." Anaweza kukasirika. Anaweza kukufungia mlango wiki mbili. Hiyo ni hatari ya kweli, naielewa. Ipime na ile nyingine.

Anachokiogopa nacho kina sababu. Hapa mkoani kwetu mtu akisikia maradhi ya akili anawaza anayeokota makopo, au anawaza kupandishwa Lutindi kule milimani Korogwe. (Lutindi yenyewe ilianzishwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, ndipo baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Huwa nalikumbuka hilo kila nikisikia watu wanalitaja jina kwa kutishana.) Mwambie Zuhura kwamba sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, baada ya kujifungua inatibika, na kwamba hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata shida ya afya ya akili baada ya kujifungua, na kubwa yao ni sonona. Kwenye kinamama 20 uliosimama mbele yao na bango lako, hesabu mwenyewe. Wala usianze kwa kubishana na kombe wala dua. Nani alikwambia mtu haombewi huku anatibiwa?

Basi turudi kwenye swali lako. Nikilikusanya, unasema hivi: umeingia nyumba ya watu kumsaidia mama ampende mtoto, ukajikuta mtoto anakupenda wewe, mama anakuachia, mavyaa anapiga vigelegele, na kwako kunapoa. Unauliza ukate au uchukue. Mimi naomba kwanza tuitazame ile sentensi inayobeba yote hayo: "Mtoto ananipenda mimi kuliko mama yake." Una hakika?

Wewe mwenyewe umeniandikia, kwa kupitia tu, kwamba Zuhura alipokwenda jikoni Mwanaidi aligeuza shingo kumfuata mpaka alipopotea, ndipo akarudi kwako. Ulikitilia maanani kicheko. Mimi nimesimama kwenye shingo. Mwaka 1954 alikuja hapo jirani Uganda mtafiti mmoja, Mary Ainsworth, akawa anatembelea familia 26 vijijini karibu na Kampala, anakaa nao sebuleni na kutazama: mtoto analia nani akiondoka, anamfuata nani kwa macho, anamtambalia nani. Mengi ambayo dunia inafundishwa leo kuhusu mtoto anavyojifunga kwa mlezi wake yalianzia kwenye mikeka ile, si maabara. Na mtoto kumfuata mama kwa macho ni moja ya mambo aliyoyaandika. Mwanaidi bado anamtafuta mama yake. Kwako anapata mikono iliyopumzika, inayokuja na kuondoka, isiyokesha naye. Wewe nawe, kama una haki, unajua ni rahisi kumchekea mtoto ambaye saa kumi na moja jioni unamrudisha kwao.

Sisemi kicheko kile kilikuwa cha uongo. Mtoto ana nafasi ya watu wengi, na pwani hii tumelelewa na bibi, shangazi, na dada wa jirani. Nasema tu kwamba huenda mashindano unayoyaona hayapo kwa Mwanaidi. Yapo kwa Zuhura, aliyekuwa juu ya mbuzi akimsikia mwanawe ananyamaza mikononi mwa mtu mwingine. "Kakujua wewe." Wewe uliisikia kama sifa. Isome tena polepole.

Kuna mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa Marekani, Selma Fraiberg, ambaye miaka ya 1970 huko Michigan alikuwa na wenzake wakifanya kazi inayofanana na yako, nyumbani kwa watu, wakikaa na mama na mtoto pamoja. Mwaka 1975 waliandika habari za mtoto wa miezi mitano na nusu aliyekuwa akilia mbele ya mama yake, na mama kama vile hasikii. Waliokuwa wakitazama walishikwa na hamu ile ile iliyokushika, ya kumnyanyua mtoto. Wao wakajiuliza: kwa nini mama huyu hasikii? Wakamkalisha, wakamsikiliza yeye, utoto wake, kuachwa kwake, kupokezanwa kwake. Siku alipolia kilio chake mwenyewe na kikapata wa kukisikia, mikono yake ikaanza kumtafuta mtoto. Haikuwa siku moja, na si kila nyumba ilikwenda hivyo. Lakini unaona inavyolandana na aliyelelewa na milango.

Kwa hiyo, kabla ya kuacha na kabla ya kuchukua, kuna njia ya tatu ambayo sijui kama umeijaribu. Siku nyingine ukimkuta anakuna nazi na mtoto analia, usimwendee mtoto. Mwendee Zuhura. Mwambie, "Nipishe hapo kwenye mbuzi, mwenzangu." Kaa wewe, ukune. Yeye abaki na mikono mitupu karibu na mwanawe. Mtoto akiendelea kulia, sema kama unayemsemea mtoto, "Mama, niko hapa chini, nakusikia unahema." Zuhura akimwinua vibaya, usimrekebishe. Akimshika sekunde tano akamrudisha mkekani, zilikuwa sekunde tano. Wakati wa kuogesha, karai lishike wewe, yeye ndiye amwoshe mtoto. Mavyaa akikwambia mama ni wewe, jibu mbele ya Zuhura: "Hapana mama, mwenyewe huyu hapa, mimi mshika karai."

Itakuuma. Utasikia kilio kirefu kuliko moyo wako unavyoweza, na mikono yako itakuwa imeshika kifuu. Pengine Zuhura ataganda tu. Kama ni mgonjwa, hili halitamponya, linakwenda pamoja na matibabu, wala halishiki nafasi yake. Na siku ukiona mtoto yuko hatarini, mnyanyue, usisubiri ushauri wa Shangazi.

Kumchukua je? Kupeana mtoto kulea si jambo geni kwetu, wako waliokuzwa hivyo wakatengemaa. Lakini Zuhura anakupa mtoto wiki ile ile anayoogopa kunyang'anywa. Maneno hayo mawili yametoka kinywa kimoja, na mimi sijui lipi ni lake hasa. Ukimchukua leo, akapona baada ya miezi sita, utamrudishia nani mtoto anayekuita wewe mama? Mwanaidi naye atakuwa ameanza kuhesabu milango. Kisha kuna upande wa kazi na wa sheria: kumchukua mtoto wa watu hakuishii kwenye maneno ya uani, kunapitia ustawi wa jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na wewe uliingia nyumba ile kwa dhamana. Ikitokea kweli kwamba mtoto lazima akae kwingine kwa muda, hilo liamuliwe na watu kadhaa mezani, Zuhura akiwemo, wala isiwe ni wewe na huruma yako usiku.

Huyo mavyaa pia umemwandika kama jini wa hadithi. Labda ndivyo alivyo. Ila umenieleza kuwa alitafuta kombe, na sasa anatafuta mahali pa mtoto Muheza. Huyo ni mtu anayehangaika na hajui ashike wapi. Hukuniambia ile arobaini ilikwendaje. Nani alimkanda Zuhura maji ya moto? Nani alimpikia uji wa pilipili manga? Alikuwa na mtu wa kwao? Ulizia. Mara nyingi nimekuta jibu liko hapo, kwamba hakukuwa na mtu, au alikuwepo ambaye wana ugomvi. Mwanamke yule, akielezwa kwa adabu kwamba mkwewe haumwi shetani, anaweza kuwa ndiye wa kubeba usiku, maana wewe usiku haupo. Akikataa, utakuwa umejua. Na huyo baba wa kwenye malori ana simu. Barua nzima hakuna mahali alipopigiwa.

Kuacha ghafla nako kuna bei. Zuhura anawajua watu wanaoondoka kuliko anavyojijua mwenyewe. Kama unapunguza, na huenda ni haki yako kupunguza, mwambie siku zako: Alhamisi na Jumatatu, saa fulani, kisha zishike siku hizo hata kama mvua inanyesha. Kwake siku mbili zenye uhakika zinaweza kuwa na uzito kuliko nne za kuchomoza. Mji wetu wanautania waja leo waondoka leo, usimthibitishie Zuhura.

Sasa mwanao. Kibao hukukipiga kwa sababu ya utovu wa adabu. Alikuwa amesema kweli, na ilikuuma. Najua inavyokuwa, nami niliwahi kurudi kutoka kazini nimewamalizia huruma yote watoto wa watu. Edward Tronick, ambaye tangu miaka ya 1970 amekuwa akitazama akinamama na vichanga wakicheza, aliona kwamba hata pale mambo yanapokwenda vizuri, mama na mtoto huwa sawa karibu theluthi moja tu ya muda. Muda uliobaki wanapishana, wanakosana, wanarudiana. Kwa hiyo kukosea hakujaharibu kitu kisichotengenezeka, ila umerudi? Ulimwambia, "Nilikupiga, nimekosa, hukustahili"? Mtoto wa miaka minne anaielewa hiyo. Kisha muulize alimaanisha nini aliposema mtoto wako. Unaweza kushangaa. Pengine ni wivu, pengine anataka tu kwenda nawe kumwona huyo Mwanaidi anayesifiwa kila siku. Na mumeo, yule wa pancha, aliposema mganga hajigangi, mimi sikusikia tusi. Nilisikia mtu anayeuliza: wewe nani anakuganga?

Ndilo swali ambalo barua yako haikuliuliza. Kazi hii, mahali ilipokomaa, haifanywi na mtu peke yake. Anayekwenda nyumbani kwa watu ana mtu mzima wa kazi anayekaa naye kila baada ya muda, si kuhesabu kaya, bali kumuuliza: nyumba ile imekufanya nini? Wapi ulikasirika, wapi ulipenda kupita kiasi? Vijijini Pakistan wahudumu wa jamii kama wewe, si madaktari, walifundishwa kuwatembelea kinamama wenye sonona. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: baada ya miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa 23 katika kila 100 waliotembelewa kwa mtindo huo, na 53 katika kila 100 kwa waliopata matembezi ya kawaida tu. Watu hupenda kunukuu hizo namba kuonyesha kwamba mhudumu wa kawaida anaweza. Anaweza. Lakini wahudumu wale walikuwa wakikutana na wasimamizi wao kila mwezi, na hicho kipande huachwa.

Msimamizi wako alikuuliza kaya kwa sababu naye anaulizwa kaya. Unaweza kumrudia na karatasi: "Nina mama mmoja ninayedhani ana sonona na ameniambia jambo la hatari, nahitaji rufaa na nahitaji ushauri." Hilo si la kugusia tena, ni taarifa, na ni vigumu kulijibu kwa hesabu. Asipoelekea, yuko muuguzi wa kliniki, yuko afisa ustawi wa jamii wa kata. Na kwa ajili ya moyo wako, tafuta mhudumu mwenzako mmoja, mkutane mahali pasipo na fomu, kila mmoja aseme nyumba yake moja. Bila majina ya watu. Hili halihitaji bajeti ya mtu.

Nimefika kwenye mstari wako. Ulisema mama yako alikulisha, akakusomesha, na hukumbuki kupakatwa. Ukaandika kwamba hujui kwa nini umelisema. Sitakujibia. Nakuuliza tu, na huna haja ya kuniandikia jibu: ile Alhamisi ulipomwinua mtoto aliyekuwa akilia mbele ya mama aliyenyamaza, ulikuwa unamwinua nani? Kama ndani ya kilio kile kulikuwa na chako, basi inaeleweka kwa nini mara moja kwa mwezi ikawa mara nne kwa wiki. Si aibu. Wengi wetu tuliingia kazi hii kwa mlango huo. Tatizo ni Zuhura na Mwanaidi kubebeshwa deni ambalo si lao, na mwanao kulipa riba.

Nikiwa na chai mbele yangu nikarudia barua yako mara ya nne, kutafuta kitu kimoja. Zuhura umemtungia jina. Mwanaidi pia, na zuri. Mwanao umemwita "mwanangu" tu. Ukiniandikia tena baada ya Bombo, mtungie na yeye jina.